Kutoka Kendu Bay Hata Migori

Mtu atokaye Kisumu kwenda kusini, akipita Ahero na Katito, huwa na Ziwa Victoria mkono wake wa kuume hata afikapo Kendu Bay. Mji wenyewe si mkubwa. Una gati, msikiti wa siku nyingi na soko la samaki, na upande wa magharibi umesimama Mlima Homa. Mwendo mfupi kutoka hapo pana ziwa dogo la mviringo, maji yake ya magadi na rangi yake ya kijani, liitwalo Simbi Nyaima. Heroe hulijia kwa majira yao.

Wajaluo wa pande hizo husimulia kwamba mahali pa maji hayo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja, watu wakiwa katika karamu ya pombe, alitokea bibi kizee mchovu akiomba mahali pa kujisitiri. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea, akamkokea moto na kumpa chakula. Naye bibi akamwonya aondoke upesi. Ikaja mvua kubwa, kijiji kikazama. Wataalamu wa miamba husema shimo lile lilifanywa na moto wa chini ya ardhi, na bila shaka wasema kweli. Lakini mtoto aliyekua akiisikia hadithi hii hawezi kumfungia mgeni mlango kwa moyo mwepesi.

Karibu na ziwa hilo ndiko Gendia. Mwezi wa Novemba 1906 walifika huko Arthur Carscallen, mtu wa Kanada, na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, nchi iitwayo Malawi siku hizi. Walikuwa Waadventista wa Sabato. Masimulizi mengi humtaja Mzungu peke yake, jambo lisilo haki, kwa maana hata yule Mwafrika alikuwa mgeni katika nchi ya Wajaluo, mbali na kwao na pasipo mtu wa lugha yake.

Wageni hao walianza kwa kujifunza. Carscallen alikaa na wenyeji akisikiliza maneno yao, akatunga sarufi ya Kijaluo, akafasiri sehemu za Agano Jipya. Kisha ukaletwa mtambo mdogo wa kupigia chapa, na watu wakaona maneno ya mama zao yamekaa juu ya karatasi. Ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1911. Yaani ilipita karibu miaka mitano ya kufundisha na kungoja! Mhubiri wa leo mwenye kipaza sauti, atakaye kuhesabu waongofu kabla ya jua kuchwa, angeona huo ni uvivu. Hospitali ya Kendu ilifunguliwa mwaka 1925, na mgonjwa wa dini yoyote aliweza kulazwa humo.

Wamisheni Wakatoliki wa Mill Hill nao walijenga Asumbi, upande wa Rangwe, na shule zake zikapata sifa katika Nyanza yote.

Hata hivyo si kila aliyekaribia aliambiwa karibu. Mwenye wake wawili alitakiwa kumwacha mmoja kabla ya kubatizwa, na huyo aachwaye na watoto wake waende wapi? Swali hilo liliumiza nyumba nyingi. Katika miaka ya 1962 na 1963 Simeo Ondeto na mwanamke kijana, Gaudencia Aoko, waliongoza maelfu kutoka katika Kanisa Katoliki, likazaliwa Legio Maria, lililoandikishwa na serikali mwaka 1966. Halikuwakataa wenye wake wengi, na liliwaombea wale waliosumbuliwa na pepo, ambao wengine waliwacheka. Ondeto alifariki mwaka 1991, akazikwa Got Kwer, katika Migori, mahali ambapo wafuasi wake huenda kuhiji.

Katika Migori hiyo hiyo kuna Thimlich Ohinga, boma la kale la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashika, lililotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2018. Malango yake ni mafupi. Mgeni sharti ainame ndipo aingie.

Kusini zaidi ni mpaka wa Tanzania. Wamenoni walikuwa Shirati tangu 1934, na katika miaka ya 1940 Wajaluo wa huko waliwaletea ndugu zao wa Kenya imani hiyo. Hawakuhitaji mkalimani wala barua ya kujitambulisha, kwa kuwa walikuwa wakienda kwa shemeji na wajomba.

Basi siku hizi katika boma moja huweza kukutwa Mwadventista wa Jumamosi, Mkatoliki wa Jumapili, na shangazi mwenye kanzu na rozari ya Legio. Anapofariki mtu wao, ubishi juu ya nani ataongoza sala huweza kuchukua usiku mzima. Chakula hupikwa pamoja, ila kambare hutiwa chungu chake mbali, kwa ajili ya Wasabato wasiokula samaki asiye na magamba.