Cherehani ya Kwanza

Anayeanza kazi ya kushona hununua cherehani moja tu, yaani mashini ya kushona kama wengi wanavyosema huku kwetu. Akichagua vibaya, hana fedha za kununua ya pili. Basi asichague kwa macho tu.

Binti wa mdogo wangu alimaliza kujifunza kushona. Alikuwa ameweka fedha kidogo kidogo kwa kuuza mchele hapa Kamanyola, akaniambia: «Mama mkubwa, wewe umeshona miaka mingi. Nisindikize, jasho langu lisipotee bure.» Haya ndiyo niliyomwambia, maana vijana wengi wana haja hiyo hiyo.

Kwanza alipenda cherehani ya umeme iliyokwisha tumika Ulaya. Ilikuwa nyepesi, tena hushona maua ya namna nyingi. Nikamwuliza: «Umeme ukikatika siku mbili, bibi arusi utamwambia nini? Kipande cha ndani kikivunjika, nani atakuuzia kingine? Na hayo maua, nani atayaomba?» Watu wa kwetu huleta kitenge cha gauni, suruali ya kutia kiraka, na nguo za shule. Kazi hizo zataka mshono mmoja ulionyooka, wenye nguvu.

Ndipo nikamwonyesha cherehani nyeusi ya chuma, ya kukanyaga kwa miguu. Kampuni ya Singer ilianza Marekani mwaka 1851. Kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, huko Uskoti, kilifungwa mwaka 1980, lakini mashini zake za zamani zingali zikishona. Viwanda vya China navyo, kama kile cha Butterfly cha Shanghai, vilitengeneza nyingi za umbo lilo hilo. Kwa sababu hiyo sindano na bobini zake si shida kupata, na mafundi wanaijua.

Mbele ya kulipa, ijaribu. Kwanza, zungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Lizunguke laini bila kukwama. Pili, tazama meno yanayovuta nguo. Yakiwa butu, nguo haitakwenda. Tatu, sukuma pembeni chuma kinachoshika sindano. Kikilegea sana, kimelika. Nne, shona kitambaa ulichokuja nacho mwenyewe, kwanza kimoja, halafu kilichokunjwa mara nne, ukageuze na upande wa chini. Uzi ukifanya vitanzi chini, usiikatae upesi: mara nyingi uzi wa juu umepitishwa vibaya, au haukukazwa.

Iko sababu nyingine, nayo ni nzito. Mwaka 2025 vita vilifika Kamanyola. Wengi walikimbia, wengine wakavuka mto Ruzizi kwenda Burundi. Meza ya chuma haikimbii na mtu. Lakini kichwa cha cherehani ya namna hii hufunguliwa kwa skrubu mbili tu, kikabebwa peke yake. Ni kizito, zaidi ya kilo 10, lakini mtu mzima hukiweza. Tena, ikiwa pana mahali pa kufungia mkono wa kuzungusha, kitashona popote, hata juu ya sanduku. Basi tulitazama mahali hapo, tukanunua na huo mkono. Mwenye kazi yake asipoacha chombo nyuma, hatafika ugenini mikono mitupu.

Binti alinuna kidogo, maana rangi ilikuwa imebanduka. Nikamwambia: «Mteja hatazami cherehani, hutazama mshono.» Akalipa.

Fedha zote hatukuzimaliza. Zilizobaki zilinunua mkanda wa akiba, uzi, sindano namba 14 za kitenge na namba 16 za nguo nzito, na chupa ya mafuta ya cherehani. Mawese usiyatie kamwe. Huganda ndani na kukwamisha vyuma. Ukikanyaga, angalia gurudumu la juu lije upande wako. Likirudi nyuma, uzi hukatika.

Nanyi wazazi, kijana wenu akiwa na akiba yake mkononi, msimwache aende sokoni peke yake. Mtafuteni fundi mmoja mzee wa kumsindikiza. Saa moja ya fundi huyo yaweza kuokoa akiba ya miaka miwili.