Ubao wa theluji wa mdogo wangu

Wapenzi wasikilizaji wa Beni, nanyi ndugu zetu mliohama vijiji, leo sileti habari za barabara wala za soko. Naleta habari ya ubao.

Mdogo wangu alipita Uganda kama wengi wenu, akakaa kambi ya Nakivale miaka mingi, kisha akapelekwa Marekani, jimbo la Vermont. Kule baridi inaanza mapema. Anafanya kazi ya usafi usiku. Kwa simu alikuwa mtu wa maneno matatu: niko salama, nimetuma, salimia Mama.

Mwezi wa kumi na mbili alituma picha. Ubao mrefu, mwembamba kiunoni, karibu umpite kimo, kingo zake za chuma zimeshika kutu. Aliununua dola 40 kwenye duka la vitu vilivyotumika. Mama alipoona bei alinyamaza, halafu akasema: «Mwambie mdogo wako, akivunja mguu nani atatulipia nyumba?» Sikuwa na jibu. Mimi pia nilikasirika.

Lakini sauti zikaanza kuja, dakika tano, dakika saba. Akanieleza kwamba si snoubodi ya vijana wanaorukaruka. Ni ya zamani, ya miaka ya tisini, iliyotengenezwa kwa kukata kona kwenye theluji ngumu. Ubao wa namna hiyo ndio walioshindania Nagano, Japani, mwaka 1998, mchezo huo ulipoingia Olimpiki mara ya kwanza. Viatu vyake ni vigumu kama ndoo, vinabanwa kwa vyuma, na miguu inaelekea mbele badala ya kuelekea ubavuni.

Mzee mmoja wa kazini alimuonya aangalie kwanza plastiki ya vile vibanio. Plastiki ikizeeka, baridi inaipasua, na mtu yuko mbioni. Alivikunja, akavipiga, akakuta ufa kwenye kimoja. Akangoja mshahara wa pili apate vingine. Kutu aliiondoa kwa tupa, jinsi Baba alivyokuwa ananoa panga. Chini ya ubao aliyeyusha nta kwa pasi ya nguo, akasema ubao ulikunywa nta kama mtu aliyetoka shambani.

Kilima anachokwenda kinaitwa Bolton Valley, kinawashwa taa usiku. Siku za kwanza alianguka mpaka akashindwa kuinua mkono. Alikuwa anasukuma ubao kwa mguu ugeuke, nao unatetemeka na kumtupa. Kumbe hausukumwi. Unaulaza kwenye ukingo, unangoja, ubavu wake uliopinda unakata kona wenyewe. Ukienda polepole unakataa kabisa. «Yaya, ni kama chukudu,» akaniambia. «Ukiogopa kulala kwenye kona, mzigo unakushinda.» Alisukuma chukudu za ndizi huko Butembo kabla ya vita kutufikia, kwa hiyo nilimwamini.

Halafu akatuma sauti bila maneno. Mimi ni mtu wa redio, nikavaa helmeti za masikio. Kitambaa kinapasuliwa polepole, kinakatika, kimya kidogo, kinapasuliwa tena upande wa pili. Kile kimya ndipo ubao unapobadilisha ukingo. Nilirudia mara nne. Mwishoni anahema, anacheka, na bila kuulizwa anaanza kusema juu ya Baba, ile siku ya kukimbia, jinsi walivyoshikana mikono mpaka kwenye mto, na jinsi mkono ulivyoachia. Miaka yote hajawahi kusema hayo kwetu.

Nilimpa Mama simu. Alisikiliza yote, mpaka mwisho. Akauliza kama ule mwanzo ni mvua. Nikasema ni mtoto wako anateremka.

Asubuhi iliyofuata mawingu yalifunguka, Ruwenzori ikaonekana na ule weupe wake mdogo uliobaki juu. Mama alisimama mlangoni muda mrefu.

«Pale angeweza?»

Nikamwambia pale ni mawe matupu na barafu yenye nyufa.

«Basi asije na huo ubao,» akasema. «Aje yeye.» Kisha akaniomba nimuwekee tena ile sauti, lakini mwanzo tu.