Barza yetu imetoka wapi?

Hapa Lubumbashi mgeni akifika anakaa kwenye barza. Sombe tunachambulia huko. Jioni watoto wanaandika kazi za masomo huko, maana ndani kumekwisha kuwa giza.

Neno lenyewe si la huku. Ni baraza la watu wa pwani, lililosafiri na misafara ya wafanyabiashara. Bayeke wa Msiri, wale wa Bunkeya, walitoka Unyamwezi katika karne ya 19, na Kiswahili kikapita njia hizo. Baadaye wafanyakazi wa Maniema wakakileta tena katika kambi za mgodi. Dirisha ni neno la Waajemi. Lakini lupango halikutoka pwani, ni la lugha za kwetu.

Udongo ndio wa zamani kuliko yote. Kabla mji haujaanza mwaka 1910, wafua shaba wa Katanga walijenga tanuru zao kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu unashikamana na unavumilia moto. Leo wafyatua matofali wanachimba kichuguu hicho hicho. Wanakanyaga udongo na maji, wanafyatua, wanaanika. Halafu wanayapanga matofali kama kanyumba kenye matundu chini, wanapaka matope kwa nje, na kuwasha kuni siku kadhaa. (Tusifichane: wenye mimba wengi wanatafuna udongo huo huo.)

Reli ilifika kutoka kusini mwaka ule wa 1910, na mabati yakaja kwa treni. Mji ukajaa Wabelgiji, Waitaliano, Wagiriki, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, watu wa Rhodesia ya Kaskazini, wa Kasai, wa Rwanda na Burundi. Wazungu nao walizungushia nyumba zao veranda kwa ajili ya jua na mvua. Basi barza ina wazazi wengi, na hakuna kabila linaloweza kusema ni yake peke yake.

Ndiyo sababu plani ya nyumba yetu ya mikutano inatuuma sisi tunaofundisha. Fundi ametuchorea chumba cha bloki, mlango wa chuma, ukuta mrefu wa lupango, na barza ameitoa. Anasema inakula nafasi na falanga za likelemba. Bloki hatuzikatai. Kuni za kuchoma matofali zinamaliza misitu, na bei ya makala kila mama anaijua.

Lakini mama mwenye deni la likelemba haingii ndani moja kwa moja. Anakaa kwanza kwenye barza, anashika kisu, anasaidia kukata sombe, na kidogo kidogo anasema kilichompata. Mbele ya mlango wa chuma atageuka arudi nyumbani, nasi tutasema amekimbia deni. Mwenye mtoto anayelia naye atatokea wapi, juani?

Fundi atarudi siku ya posho. Tumepima: mita moja na nusu inatosha kutandika mikeka, nguzo tatu, na mabati yale yale yasogezwe mbele. Falanga zisipotosha, chumba kipunguzwe.