Wageni wa Ng'ambo

Hapa kwetu Kafutuma, wilayani Nchelenge, mgeni wa ng'ambo hakuulizwa anaondoka lini. Aliyejua ni upepo. Ziwa Mweru lina urefu wa kilomita 130 hivi, na nilipokuwa mtoto watu wengi walilivuka kwa kasia, wakilala njiani visiwani. Aliyetoka Kilwa alifika viganja vimechubuka, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia arudi kesho yake. (Kilwa ninayoitaja ni mji wa Kongo. Kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani, ni cha Zambia. Na zote mbili si ile ya Tanzania.)

Shangazi yangu aliolewa huko. Alikuja na mafuta ya mawese, vitenge na watoto wake wote, akakaa mpaka mama ampangie zamu ya kutwanga mihogo. Mama alimpokea kwa Kibemba, "Mwaiseni," naye alijibu kwa Kiswahili cha Katanga. Jioni shangazi ndiye aliyetuita, "Karibuni, tukule bukari," yaani ugali, kana kwamba nyumba ni yake. Kwa namna fulani ilikuwa yake. Mpaka ulikuwepo, bila shaka. Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walikubaliana juu yake mwaka 1894, na watu wa Mwata Kazembe wakajikuta pande zote mbili za maji. Lakini nyumbani sikumbuki mtu aliyeuzungumzia. Tulizungumzia mawimbi.

Vita vya Kongo vya 1998 ndivyo vilivyotufundisha kuhesabu siku za mgeni. Mwanzoni waliokuja walikuwa ndugu, tukawapokea kama tulivyozoea. Kisha, Desemba 2000, Pweto, mji wa Kongo kule kaskazini mwa ziwa, ikatekwa, na watu wakavuka kwa maelfu kuingia Zambia. Serikali na Umoja wa Mataifa waliwapeleka makambini, Kala huko Kawambwa na Mwange huko Mporokoso. Mtu ambaye mwaka uliotangulia angekuwa mgeni wa fulani sasa alikuwa mkimbizi, mwenye kadi na mgawo wa unga.

Shangazi naye alivuka, ila alikataa kuandikishwa. Alisema hawezi kuitwa mkimbizi katika mji wa kaka yake. Akakaa kwetu, yeye na wajukuu, mwaka ukapita, ukaja mwingine. Shamba letu la mihogo halikuongezeka. Mama hakusema neno, ila jirani mmoja, mama mwema aliyetuletea samaki mara nyingi, alimuuliza shangazi siku moja kisimani, "Mtarudi lini?" Huenda hakuwa na nia mbaya. Shangazi alirudi na ndoo tupu. Kuanzia siku hiyo alianza kulipia chumvi yake mwenyewe, na nadhani mambo mengi yaliyofuata kati ya familia zetu mbili yalianzia kwenye ile chumvi zaidi ya kwenye amri yoyote ya serikali.

Amani iliporudi, ziwa lilifunguka kwa namna nyingine. Kutoka mgodi wa Dikulushi, huko Kongo, mzigo wa shaba ulipitia Kilwa, ukavushwa kwa tishari hadi Nchelenge, kisha malori yakauchukua. Tulizoea kuona bidhaa zikivuka kwa ratiba. Hata Oktoba 2004, waasi walipoingia Kilwa na jeshi kuikomboa, wakafa watu zaidi ya 70 na wengi wakakimbia tena kwa mitumbwi, haikuchukua muda biashara ikarudi. Mwaka 2007 wakimbizi walianza kurudishwa kwao, na kufikia 2010 Kala na Mwange zilikuwa zimefungwa. Shangazi hakungoja msafara wowote. Aliondoka na boti ya mfanyabiashara wa dagaa, akalipa nauli.

Injini ndiyo iliyomaliza kazi. Safari iliyokula siku ikawa ya saa chache, na mtu anayeweza kurudi jioni atatakiwa aeleze kwa nini analala. Kibali cha kuvuka nacho kina tarehe yake ya mwisho. Siku hizi wafanyabiashara wa Kongo wakifika mjini Kashikishi, hapa hapa Nchelenge, hulala gesti, hata wenye ndugu mtaa wa pili, na wanasema hivyo ndivyo heshima inavyolindwa. Sipingi. Nimemwona mama akichoka.

Kuna kilichoongezeka pia. Nilipokuwa shuleni, wenzangu walinicheka nikiteleza na kusema Kiswahili. Kilikuwa lugha ya watu wa kuja. Sasa wauza chisense, dagaa wa ziwa letu, pale sokoni, Wabemba na Walunda wa hapa hapa, wanataja bei kwa Kiswahili kabla mteja hajafungua mdomo. Na tangu 2018, makazi ya Mantapala yalipofunguliwa kwa waliokimbia vurugu mpya za mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika huko Kongo, Wakongo na Wazambia wanaishi huko bega kwa bega. Mwaka 2020 Kongo ilifunga mipaka kwa sababu ya korona hadi tarehe 15 Agosti. Wafanyabiashara walilalamika sana. Ndugu hatukulalamika kiasi hicho, nami nilishangaa kuliona hilo.

Baba alipofariki, binamu zangu walivuka asubuhi, wakazika, wakatoa mchango wao ndani ya bahasha, wakaaga kabla ofisi ya mpakani haijafungwa. Mama alikuwa ameloweka mihogo ya matanga ya wiki nzima. Alitazama bahasha, akaiweka chini ya mkeka bila kuhesabu.

Baadaye binamu mkubwa alitualika Kilwa kwenye harusi ya mwanawe. Ujumbe wa simu ulitaja saa ya kufika, saa ya boti kuondoka, na petroli tugawane vipi. Mama alikataa kwenda. Alisema harusi isiyo na usiku si harusi. Mimi nilikwenda. Nilikula, nikacheza rumba mpaka shati likalowa, na kusema kweli ilikuwa harusi nzuri.