Mashine ya Binamu na Swali la Bibi

Likizo ya Julai, binamu yangu alirudi Kagugu kutoka Geita, Tanzania, akiwa na mashine ya kutambua vyuma. Huko wachimbaji wadogo huitumia kutafutia dhahabu. Yeye alikuwa na lengo jingine. Alikuwa amesikia hadithi za mali iliyofukiwa na Wajerumani walipokuwa wakikimbia vita. Alijua kwamba Mjerumani Richard Kandt alianzisha Kigali mwaka 1907, na kwamba mwaka 1916 wenzake walifukuzwa Rwanda. Mwaka huohuo walitengeneza kule Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo.

"Tukipata moja tu," aliniambia, "ada yako ya chuo imepatikana."

Shamba la bibi liko kwenye mteremko unaoshuka bondeni. Nyumba za ghorofa zimelizunguka pande tatu, naye amebaki na matuta machache ya viazi vitamu. Maharage yalikuwa yameshavunwa.

Mashine ile ni kama ufagio wenye sahani mwishoni. Ndani ya sahani kuna waya unaopitisha umeme, na pakiwa na chuma chini ya udongo, mashine hulia. Asubuhi nzima ililia. Tulichimbua misumari, vipande vya mabati, vizibo vya chupa na jembe lililoliwa na kutu hadi likawa dogo kama kiganja. Nilichimba kwa woga, kwa maana tangu utotoni tulifundishwa kutogusa chuma tusichokijua ardhini.

Bibi alikuwa ameketi chini ya mparachichi. Nilidhani atatukemea kwa kuharibu matuta. Badala yake alimwita binamu.

"Mjukuu wangu, mashine yako inasikia funguo?"

"Inasikia, Bibi."

"Na mtu?"

Binamu alinyamaza. Mifupa hailii.

Ndipo bibi akatueleza. Mwezi Aprili 1994, kaka yake alifunga duka lake, akatia funguo mfukoni, akaonekana mara ya mwisho akishuka kuelekea bondeni. Ndugu wengine walipatikana wakazikwa kwa heshima. Yeye hakupatikana. Kila Aprili bibi huenda kwenye makumbusho ya Gisozi, walikozikwa watu zaidi ya 250,000, lakini hajui aweke wapi ua la kaka yake. Mwaka 2018, makaburi ya halaiki yalipofukuliwa Kabuga, miaka 24 baada ya mauaji, tumaini lake lilianza upya.

Mchana ule hatukutaja tena rupia. Tulipita shamba lote hadi chini kabisa, hatua kwa hatua. Jioni mashine ililia karibu na mgomba. Ilikuwa kufuli. Bibi aliipangusa kwa kitenge chake, akaigeuza mara mbili.

"Si ya duka letu," alisema, akaturudishia.

Binamu amerudi Geita na mashine yake. Mimi nimebaki na bibi. Nyumba mpya ikichimbiwa msingi hapa mtaani, yeye huenda kusimama kando ya shimo na kutazama udongo unaotolewa. Zamani niliona haya, kwa sababu mafundi walikuwa wakimcheka. Siku hizi namshika mkono, tunaenda pamoja.