Watu wa Mirihi Unyanyembe

Nilipoanza kufundisha Kiingereza katika shule moja ya bweni mjini Tabora, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabati la maktaba lilikuwa limejaa vitabu ambavyo hakuna aliyeviomba. Vingi vilikuwa msaada kutoka Uingereza: matoleo yaliyofupishwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, majalada yamebanduka, pembe zimeliwa na mchwa. Humo mlikuwa na Jules Verne na H. G. Wells. Hawakuwamo kwenye orodha ya vitabu vya mtihani, na naamini hilo liliwasaidia, kwa maana kijana anayesoma kitabu ambacho hataulizwa swali juu yake husema kile alichokiona mwenyewe. Kwa karibu miaka thelathini nimewasikiliza wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wakizungumzia riwaya zilezile. Maneno ya vitabu hayakubadilika. Waliobadilika ni wao, tena sana.

Wale wa mwanzo walisoma kwa mshangao. Nautilus, nyambizi ya Kapteni Nemo katika riwaya ya Verne ya mwaka 1870, iliwanyima usingizi. Wengi hawakuwa wameiona bahari. Maji mengi waliyoyajua ni bwawa la Igombe. Swali lao lilikuwa moja: “Madam, hii ilitokea kweli?” Nikawaeleza kwamba mwaka 1865 Verne aliandika juu ya watu waliorushwa kuelekea mwezini kwa mzinga kutoka Florida, na kwamba mwaka 1969 Wamarekani waliondoka Florida hiyohiyo wakaukanyaga mwezi. Darasa zima lilipiga kelele. Jioni hiyo wavulana walikaa uwanjani wakibishana kuhusu uzito wa roketi, na mwalimu wa fizikia akalazimika kuitwa.

Mshangao huo nimeuona ukipungua polepole. Simu zilipoenea, nyambizi ikawa picha kama picha nyingine. Miaka ya karibuni hakuna mtoto aliyeniuliza kama ilitokea kweli, na nakiri swali hilo nalikosa. Walimu wenzangu husema vijana wa leo hawana tena moyo wa kustaajabu. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu nimezipata katika mazungumzo yaleyale ya darasani.

Chukua riwaya ya kwanza ya Verne, ya mwaka 1863, inayosimulia safari ya puto kutoka Unguja hadi Senegali. Verne hakuwahi kufika huku. Alitegemea habari za wasafiri kama Burton na Speke. Puto lake linatua Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu hapa Unyanyembe, na wenyeji wanadhani ni mwezi umeshuka. Kundi la kwanza nililowasomea sura hiyo lilicheka mpaka machozi. Waliwacheka babu zao. Miaka kama kumi na mitano baadaye niliwasomea wengine, na mvulana mmoja, mjukuu wa mzee wa Ipuli, akanyoosha mkono akiwa amekunja uso. Alisema Wanyamwezi wa miaka hiyo walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, wakaona meli, wakaona Unguja, wakarudi na vitambaa na habari. Mtu aliyekwisha kutembea mpaka Pwani na kurudi, atakimbia kwa kuona puto? “Huyu Mzungu aliandika asiyoyajua,” alisema. Sikuwa na la kuongeza.

Kitabu hicho kina ubaya mkubwa zaidi. Kuna mahali wasafiri wanadhani mwenzao amezingirwa na wenyeji, kumbe ni nyani, kisha wanafanya mzaha kwamba tofauti si kubwa. Nilikuwa nikiiruka sura hiyo. Wanafunzi wa kundi hilo la baadaye waliikuta wenyewe, wakaisoma kwa sauti, na mjadala ukaenda mpaka kengele ya chakula. Msichana mmoja alitaka kitabu kiondolewe kabatini. Wengine wakakataa: kikiondolewa, walisema, hakuna atakayejua kwamba mwandishi anayesifiwa dunia nzima aliwahi kutuandika hivyo. Walipiga kura, kitabu kikabaki.

Kuna kitabu kimoja ambacho hakikuwashangaza wale wa zamani hata kidogo: hadithi ya Wells ya mwaka 1897 juu ya mtu asiyeonekana. Mtu anayepita mlangoni bila kuonekana walikuwa wamesimuliwa tangu wakiwa wadogo, na wengine walidai kuwajua wazee wanaoliweza jambo hilo. Kilichowasumbua ni kwamba Griffin hakuwa na tunguri wala hirizi. Alikuwa na chupa na hesabu, na kwa kuwa nguo zake zilibaki zikionekana, ilimbidi atembee uchi kwenye baridi mpaka akashikwa na mafua. “Mchawi gani anapiga chafya?” waliuliza. Kwao huo ulikuwa udhaifu wa Wazungu, kushindwa kumaliza kazi waliyoianza.

Halafu ikaja miaka ile mibaya. Kuanzia mwaka 2007 hivi, mauaji ya watu wenye ualbino yalitikisa mikoa ya Kanda ya Ziwa na kufika huku kwetu. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, jambo lililotupa moyo, lakini wazazi waliendelea kuwaficha watoto wao. Shuleni kwetu aliletwa msichana mwenye ualbino kutoka wilaya jirani. Alisindikizwa na mjomba wake mpaka ofisini, na tukakubaliana kwamba asitoke nje ya geti peke yake.

Wakati huo nilikuwa nimepata toleo kamili la ile hadithi ya mtu asiyeonekana. Lina jambo ambalo matoleo yetu mafupi yaliliacha: Griffin anamkumbusha Dakta Kemp, aliyesoma naye, kwamba yeye ndiye yule kijana mrefu mwenye ngozi nyeupe na macho mekundu, karibu awe na ualbino kamili. Tulikuwa tukipokezana kusoma, na zamu ilikuwa ya mvulana mmoja. Alipofika kwenye maneno hayo alinyamaza. Darasa nalo likanyamaza. Msichana akasema, “Endelea.” Mvulana akaendelea.

Tulipofika mwisho wa sura niliuliza kama kuna mwenye neno. Yule msichana alisimama. Alisema Griffin aliamua kutoweka kwa sababu alichoka kutazamwa, na hilo alilielewa vizuri kuliko mtu yeyote humo darasani. Lakini Griffin, baada ya kutoonekana, alianza kutisha watu na kuua. “Mimi nimetazamwa tangu nizaliwe,” alisema, “na sijamgusa mtu.” Akakaa. Kuanzia juma hilo wenzake wa bwenini walijipangia zamu ya kumsindikiza bombani alfajiri, bila mwalimu yeyote kuwaagiza. Nimesoma uhakiki mwingi wa riwaya hiyo. Sijakuta wenye haki zaidi ya maneno yake.

Mabadiliko makubwa kuliko yote, hata hivyo, niliyaona katika riwaya ya Wells ya mwaka 1898 kuhusu vita vya watu wa Mirihi. Wanatua karibu na mji wa Woking, wanatembea ndani ya mashine za miguu mitatu, wanaunguza kila kitu kwa mwale wa moto, na mizinga ya Waingereza inashindwa kuwazuia. Vijana wa miaka ya tisini walizichora mashine hizo kwenye madaftari na ukutani mwa bweni. Ila mwisho wa kitabu uliwaudhi. Watu wa Mirihi wanakufa kwa bakteria wa kawaida, wadudu ambao miili yao haikuwahi kukutana nao. Walisema mwandishi ameishiwa, ameua adui kwa bahati nasibu.

Kisha, mwaka mmoja, somo la historia la kidato cha tatu liliangukia juma tulilokuwa tukiisoma riwaya hiyo. Walikuwa wamefundishwa habari za Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyelipua baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 Wajerumani walipoivunja, asikubali kutekwa mzima. Asubuhi yake wakaja kwangu na Wells. Nusu saa haikupita, mmoja akasema: hawa watu wa Mirihi ni Wajerumani. Silaha usiyoijua, adui asiyezungumza nawe, na mji wako kuwa moshi. Nikawafungulia sura ya kwanza ya toleo kamili, mahali Wells anapowaambia Waingereza wasiwahukumu wageni hao kwa ukali kabla ya kukumbuka walowezi wa Kizungu walivyowaangamiza watu wa Tasmania. Vijana wale walikuwa wamemfikia mwandishi kwa njia yao wenyewe, kupitia kaburi la mtemi wao.

Machi 17, 2020 serikali ilitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Wanafunzi wangu walirudi Juni 29. Waliporudi nikawapa kitabu hichohicho, na hakuna hata mmoja aliyesema mwandishi ameishiwa. Waliusoma mwisho ule taratibu. Mvulana aliyekuwa amempoteza babu yake alituonyesha sentensi ambayo wote waliomtangulia waliipita: Wells anasema kinga ya binadamu dhidi ya vijidudu imelipiwa kwa vifo visivyohesabika. “Kwa hiyo si bahati,” alisema. “Kuna waliolipa.”

Ndiyo maana nasema vijana hawajapoteza kitu cha kulilia. Wale wa zamani waliuliza mashine inafanyaje kazi. Hawa wanauliza mashine ni ya nani, na imemkanyaga nani. Hata ile riwaya ya Wells ya safari ya kwenda mwaka 802,701, ambamo viumbe waitwao Wamorloki wanaishi chini ya ardhi wakiendesha mitambo, ilijibiwa na kijana wa Nzega ambaye kaka yake anashuka kwenye maduara ya dhahabu: alitaka kujua kwa nini mwandishi anawaogopa wanaofanya kazi.

Lakini mazungumzo yote haya hayakumfikia kila mtu. Kila mwaka nusu ya darasa ilikaa kimya kwa sababu Kiingereza kiliwashinda, si kwa sababu hawakuwa na la kusema. Kiswahili kinaliweza jambo hili. Mwaka 1951 Shaaban Robert alituchapishia Kusadikika, nchi nzima inayoelea angani, na wasomaji hawajaacha kuisoma. Verne alifariki mwaka 1905, Wells mwaka 1946, na hapa kwetu haki za kazi zao zimekwisha muda. Nawaomba wachapishaji wa Dar es Salaam, Unguja na Nairobi watafute wafasiri wazuri, watoe riwaya hizi kwa Kiswahili zikiwa kamili, bila kuondoa Tasmania ya Wells wala matusi ya Verne. Vijana wetu wanajua kuyajibu.