Ua Lina Mwenyewe

Saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, kabla moshi wa makala haujafunika hema za Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji wa Goma, binti mmoja wa miaka 19 alikuwa amepiga magoti juu ya mawe ya volkano. Alikunja kitenge chini ya magoti ili mawe yasimchane. Mkononi alikuwa na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Mbele yake kulikuwa na ua la boga, la manjano, lililofunguka muda si mrefu.

Ilikuwa mwaka wa 2024. Familia yake ilitoka upande wa Rugari, teritware ya Rutshuru, mwezi wa kumi mwaka wa 2022, wakati vita vilipofika kwenye barabara ya taifa namba 2. Walikuja na godoro moja, sufuria mbili na mdogo wake wa kiume, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 3.

Ni huyo mdogo aliyeanzisha mambo yote. Siku moja mama yao alikuwa anachagua maharagi ya msaada, na mtoto akauliza watu wanaotengeneza maharagi wanakaa wapi. Kwake yeye, maharagi yalitoka ndani ya gunia. Mama alicheka, halafu akanyamaza. Yeye aliyelima tangu utoto wake alikuwa na mtoto asiyejua kwamba haragi linaanza kama ua.

Binti aliahidi kumwonyesha ua la maharagi. Lakini ardhi ya Kanyaruchinya ni mawe. Watu walikuwa wanapanda ndani ya magunia na bidoni zilizokatwa, kwa udongo waliotoa mbali. Wakati alipokuwa anatafuta maharagi, alijifunza kwa maua mengine: boga, viazi vitamu, na majani madogo yanayochanua kwenye nyufa za mawe bila kupandwa na mtu.

Picha zake za kwanza zilikuwa mbaya. Alipiga saa sita za mchana, jua likiwa juu ya kichwa, na ua likatoka kama doa jeupe. Alivuta picha kwa vidole ili ua lionekane kubwa, na ikatoka yenye ukungu. Alipokaribia sana, simu ilikataa kushika ua, ikashika mawe ya nyuma. Na kuchaji kulikuwa franka 500 kwenye kibanda cha kando ya barabara. Pesa hizo zilikuwa pia pesa za chumvi. Kwa hiyo alijiwekea sheria: picha kumi kwa siku, si zaidi. Sheria hiyo ndiyo iliyomfundisha kutazama kwanza na kupiga baadaye.

Kosa kubwa lilikuwa la mkono wake. Asubuhi moja aliona ua la boga kwenye kivuli cha hema ya jirani. Akalichuma, akalipeleka penye mwanga. Hakujua kama mwenye hema alikuwa anamtazama.

"Weye, uliuliza nani?" yule mama alisema. "Ile ilikuwa boga ya watoto wangu."

Alikuwa na haki. Boga lina maua ya aina mbili. Lile la kiume linasimama kwenye kikonyo chembamba na halizai. Lile la kike lina kiboga kidogo chini yake, na binti alikuwa amevunja hilo. Boga moja, hapo kambini, ni chakula cha jioni nzima. Jirani yule alikuwa ametoka Masisi, na kabla ya siku hiyo familia hizo mbili zilikuwa zinasalimiana kwa mbali tu, kila mmoja akishuku mwenzake alikuwa upande gani wa vita.

Mama yake alipopata habari, hakumpiga. Alimwambia: "Mwanangu, hapa hakuna ua bila mwenyewe. Nenda uombe msamaha."

Alienda, akiwa na bidoni ya lita 20 za maji kichwani. Yule mama alipokea maji bila maneno mengi. Siku ya tatu ndiye aliyemwita: "Kuja, lingine limefunguka. Lakini haraka, saa sita linafunga." Ni kweli, ua la boga linafunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana, na siku yake ni moja tu. Binti alipomwonyesha picha, yule mama aliishika simu muda mrefu. Alisema wageni wengi walikuwa wamepiga picha ya hema yake na ya watoto wake, na hakuna aliyewahi kumwonyesha hata moja.

Tangu hapo binti alibisha hodi kabla ya kila picha. "Mama, naomba kupiga picha ya ua lako." "Papa, naweza kusogea?" Wengine walikataa, naye akaenda zake. Wengine walimweleza ua hilo linaitwaje kwao na walikuwa wanalipanda wapi. Kwa njia hiyo alijua majirani wake kuliko alivyowajua kwa mwaka mzima kwenye foleni ya maji.

Ustadi ulikuja polepole. Fundi mmoja wa simu alimpa kioo kidogo kilichotoka ndani ya mashine ya CD iliyoharibika. Alikibandika kwa skochi mbele ya kamera, na sasa aliweza kukaribia hadi kuona poleni. Lakini kwa umbali huo hata pumzi inatikisa picha. Aliegemeza viwiko kwenye magoti, akangoja upepo upumzike. Kila mara alipangusa lensi kwa kitambaa safi, kwa sababu vumbi jeusi la Goma halichoki. Maua ya rangi nyeupe aliyapiga kivulini, na mfuko mweupe wa unga wa msaada aliutandika kando ili urudishe mwanga kidogo. Mawe meusi yaliwekwa nyuma. Yalimkera kulala juu yake, lakini yalifanya ua lionekane vizuri.

Ua la maharagi alilipata mwisho, kwa mama mzee mmoja aliyekuwa na mashina manne ndani ya gunia. Aliomba, akakubaliwa. Alipiga ua jeupe, dogo kuliko ukucha, akampelekea mdogo wake. Mtoto alitazama, akauliza: "Na haragi liko wapi?"

Swali lilikuwa zuri. Binti alirudi kwa yule mama mzee kila baada ya siku mbili, karibu wiki tatu, kwenye ua lile lile. Kwanza petali zilinyauka. Halafu ganda la kijani, jembamba kama uzi, likachomoza na petali kavu ikiwa bado kwenye ncha. Halafu ganda likarefuka, likavimba. Alipofungua picha zote kwa mstari, mtoto alizipitisha kwa kidole mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila kusema kitu.

Kwa anayetaka kuanza, simu aliyo nayo inatosha. Apangusе lensi. Apige asubuhi au siku ya mawingu. Asivute picha kwa vidole. Ashuke chini, sawa na ua. Asichume. Mahali penye watu wenye silaha, simu iangalie chini, isielekee kamwe barabarani wala kwenye kambi yao. Na aombe mwenyewe.

Mwezi wa pili mwaka wa 2025 kambi za Goma zilivunjwa, na familia hiyo ilirudi Rugari. Shamba lilikuwa limekuwa pori. Mbegu hawakuwa nazo, wakakopa. Simu haikufika, iliuzwa ili kulipa usafiri, pamoja na picha zilizokuwa ndani.

Mwezi wa nne, shamba la jirani lilianza kuchanua kabla ya lao. Mtoto, sasa wa miaka 6, aliona kwanza. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, hakuingia. Alimwita mwenye shamba kwa sauti kubwa: "Mama, naomba kuangalia ua lako."